Kazi Iliyokula Mapafu Yangu, Sasa Anaitaka Mdogo Wangu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Nasoma safu yako kila wiki na kila wiki nawacheka wanaokuandikia, nasema hivi watu wazima hawa hawana ndugu wa kuwauliza mpaka waende gazetini, na leo Mungu kanilipa, kalamu ninayo mimi. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho hata kama utanichukia katikati.

Mimi ni mtoto wa kwanza kwa mama yetu, wanaonifuata ni dada zangu ambao wameolewa, na wa mwisho ni kijana tunayemwita Kitinda. Miaka iliyopita nilikwenda ng'ambo kufanya kazi kwenye karakana ya kukata mawe, si mawe ya kujengea, ni yale mabamba yanayong'aa ambayo wenye pesa wanaweka juu ya makabati ya jikoni ili wapate pa kukatia vitunguu, na kazi yenyewe ni kukata bamba kwa grinda, kutoboa tundu la sinki na kusugua kingo mpaka zisikwaruze mkono wa tajiri, na vumbi lake ni jeupe, laini kuliko unga wa ngano, linaingia masikioni, linaingia kwenye chai, unatema mate yanatoka meupe. Tungeweza kukata kwa maji, maana mashine zilikuwa na mpira wake wa maji, lakini maji yanachelewesha kazi na yanaleta tope, na msimamizi wetu alichukia tope kuliko shetani, kwa hiyo tulikata kavu. Mdomoni tulijifunga vitambaa. Na kila asubuhi msimamizi alimpa kila mtu pakiti ya maziwa, anasimama palepale mpaka uimalize, anasema maziwa yanasafisha kifua, na sisi tuliamini, mshauri, kwa sababu hata huku nyumbani mafundi rangi na wapakia saruji wanasema hivyohivyo, na mimi nikajipiga picha na pakiti yangu nikamtumia mama, na mama akazunguka nayo kwa majirani wote akisema mwanangu kule kazini ananyweshwa maziwa.

Kikohozi kilianza kama mchezo, kisha suruali zikawa zinanizunguka, kisha nikashindwa kubeba bamba ambalo zamani nilibeba huku napiga soga. Msimamizi akanipeleka kwa daktari wao, nikapigwa picha ya kifua, daktari akazungumza naye kwa lugha yao, mimi nikaambiwa pumzika tu, na kabla mwezi haujaisha nikakabidhiwa tiketi ya kurudi, fulana yenye nembo ya kampuni na mkono wa kwaheri. Huku nyumbani nikatibiwa kifua kikuu, dawa nikazimaliza zote bila kuruka hata moja, hali ikawa ileile, mpaka nilipofika kwa daktari wa kifua wa hospitali kubwa, ambaye hakunipima kitu kwanza, aliniuliza tu, "Ulikuwa unafanya kazi gani?" Nilipomwambia akavua miwani. Akasema ni vumbi la mawe, limekaa kwenye mapafu na kuyafanya magumu, halitoki kwa dawa wala kwa maombi, kilichobaki ni kunisaidia nipumue. Sasa natoka chumbani kwenda chooni nasimama ukutani njiani kama mlevi, na sehemu ya siku naishi kwa mtungi wa oksijeni, na mtungi ukiisha kabla hatujapata cha kuujazia, mke wangu ananikalisha dirishani na kunipepea kwa kifuniko cha sufuria.

Haya ya vumbi anayajua mke wangu peke yake. Mama nilimwambia ni baridi ya kule, kwa sababu nilikosa pa kuanzia, na maneno yale yamenirudia vibaya, maana mama sasa anamfumia Kitinda masweta. Amemaliza la kijivu, yuko kwenye la bluu. Kila mzunguko wa uzi ananitazama, anasema, "Wewe uliniaibisha na vishati vyako vyepesi. Huyu hatashikwa na baridi."

Maana Kitinda ndiye anayekwenda, mshauri. Kule tulikuwa na utaratibu wetu, vitanda vyetu havikwenda kwa mgeni, anayeondoka anamleta wa damu yake anachukua kitanda na grinda, na mimi mwenyewe kitanda kile nilikirithi kwa binamu yetu, mtoto wa mama mkubwa, aliyerudi nyumbani amekonda akafa kwa kile tulichoambiwa kwamba ni kurogwa na watu walioona bati jipya la nyumba yake. Msimamizi alinipigia simu, akacheka vizuri, akasema, "Niletee mwingine kama wewe. Ukoo wenu mna kazi na hamna malalamiko." Na mimi nilimpa jina la Kitinda. Sikulazimishwa. Nilisema ni kijana mzima, hana ugonjwa, ana pumzi za kuuza.

Na kweli anazo. Akipiga mluzi getini nausikia huku chumbani na redio imewashwa. Ananipenda mno, hiyo ndiyo shida, kama angekuwa mjeuri ningelala usingizi. Ananiambia, "Kaka, mshahara wangu wa kwanza ni mtungi wako. Wa pili ni mtungi wako. Mimi nitakula mkate mkavu." Juzi alirudi kutoka kupimwa kwa ajili ya safari, akaja na picha yake ya kifua anaichezea, akachukua na yangu kutoka juu ya kabati, akazibandika zote mbili kwenye kioo cha dirisha, jua linapita. Yake mapafu ni meusi, safi. Yangu yana madoa meupe mengi, kama mtu amemwaga chenga za mchele. Akakaa akitazama, akaniuliza, "Mbona yako iko hivi?" Nikamwambia, "Mashine yao ilikuwa mbovu. Yako imetoka vizuri." Akafurahi. Akaikunja yake akaenda kumwonyesha mama.

Mke wangu anasema ninyamaze. Anasema Kitinda ni mtu mzima, kila mtu na bahati yake, na mimi nikisema ukweli safari itakufa, na mtungi utakufa, na mimi nitakufa, na Kitinda atabaki hapa bila kazi akitazama jeneza langu, sasa nani atakuwa amefaidika? Tiketi ni ya wiki ijayo. Nilikuwa nafikiri labda aende mwaka mmoja tu, anywe na maziwa, ajifunge vitambaa viwili badala ya kimoja, halafu nimwite arudi. Labda mapafu yake ni magumu kuliko yangu. Niambie, mshauri, mwaka mmoja unadhuru?

Ni mimi, Mkata Mawe.

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, Mkata Mawe. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na katikati nilikuchukia kweli, kwenye dirisha pale. Kisha nikajaribu kuziba pua na mdomo wangu nikae hivyo kidogo, nikaona mtu aliyekosa pumzi ana haki ya kuwaza upuuzi. Kuuwaza, si kuutenda.

Nianze na huo mwaka wako mmoja, maana ndio ulioufungia barua nzima. Hukuniuliza kama kazi ile inaua, hilo unalijua. Umeniuliza kama inaua polepole vya kutosha ili mtungi wako ujae kwanza. Nimempigia daktari wa kifua ninayemwamini, nikamsomea barua yako bila kutaja chochote cha kukutambulisha. Amesema hakuna daktari atakayemhakikishia mtu mwaka salama, wala miezi, mahali wanapokata mawe hayo makavu na vitambaa mdomoni, na kwamba wapo vijana wenye mapafu meusi safi walioharibika haraka sana. Uzima wa Kitinda si kinga. Uzima ndio anaokwenda kuuacha kule.

Na hayo maziwa tuyamalize leo. Maziwa yanakwenda tumboni, vumbi linakwenda kwenye mapafu, na havikutani popote. Ungemmeza ng'ombe mzima na pembe zake, vumbi lisingetikisika. Msimamizi wako alijua pakiti ya maziwa ni rahisi kuliko barakoa ya maana na rahisi kuliko kufungua bomba la maji. Na anajua pia kwa nini anapenda ndugu. Mgeni atauliza aliyekuwa hapa yuko wapi. Ndugu hataulizia, kwa sababu kazi amepewa na mkono anaouamini. Ndiyo maana ukoo wenu hamna malalamiko, baba. Mlalamikaji wenu yuko kaburini, alizikwa kwa jina la kurogwa.

Huyo binamu sijui kama alijua alichokuachia. Tumpe heshima ya kudhani hakujua. Wewe umeambiwa na daktari aliyevua miwani, kwa hiyo usinijie na bahati wala majaliwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakufikiria mtu atakayeyaficha maradhi yake kwa kumvisha mdogo wake.

Mkeo ana hofu, na hofu inampa hesabu mbovu. Mwambie nimeuona ule mkono wake unaopepea kifuniko cha sufuria na ninauheshimu. Lakini mtu haokoi mumewe kwa kumtoa shemeji yake. Kesho Kitinda akioa, mke wake naye aje apepee?

Sasa sikiliza, na usinihadithie kuhusu kesho. Leo hii, kabla ya jioni, mwite Kitinda chumbani. Mama asiwepo, mtamwambia baadaye mkiwa wawili. Zirudishe picha zote mbili dirishani na umwambie mashine haikuwa mbovu, ulikuwa wewe. Usitafute maneno mazuri, pumzi zako hazitoshi kwa maneno mazuri. Akikuuliza kwa nini ulinyamaza, mwambie ukweli: ulitaka mtungi. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki hiyo na ni mzima wa kutosha kuibeba. Halafu nendeni naye kwa yule daktari amsikie kwa masikio yake, maana kijana anayempenda kaka yake anaweza kukataa kukuamini ili apate kukuokoa.

Msimamizi mpigie wewe mwenyewe na umwambie jina lile limefutwa. Akikuuliza sababu, mpe. Kisha wapigie uliokuwa unalala nao chumba kimoja, wale ambao bado wanakata. Wao pia wana akina mama huko kwao wanaotembeza picha za pakiti za maziwa. Waambie wafungue maji, wadai barakoa za vumbi zinazoziba sawasawa, na anayekohoa asikubali tiketi kabla ya kupewa picha yake ya kifua mkononi na maelezo kwa lugha anayoielewa. Tope lifuliwe. Nguo zinafulika.

Mkataba wako, kama unao, pamoja na cheti cha daktari, vipeleke ofisi ya kazi, kitengo cha wanaofanya kazi nje, na ukipata chama cha wafanyakazi au wakili wa msaada wa kisheria, nenda naye. Sikuahidi kitu. Wengi huzungushwa mpaka wanachoka, na kampuni hiyo inabadilisha watu kama inavyobadilisha visu vya mashine. Lakini dai lako liko kule, haliko kwenye kifua cha Kitinda. Hospitalini ulizia ofisi ya ustawi wa jamii kuhusu mtungi. Na hao dada zako walioolewa, uliwataja mwanzoni kisha wakapotea kwenye barua yote. Kwani waliolewa mwezini? Waite, waambie unachougua si baridi, wachangie. Kitinda atafute kazi hapahapa, na akitaka bado kwenda ng'ambo aende, si dhambi kusafiri, ila kwa kazi nyingine, na aulize kwanza anayeondoka anaondoka kwa sababu gani.

Yote hayo yakifanyika, mtungi utachelewa, na siku nyingine hautakuja kabisa, na mimi hapa na kalamu yangu sitakuwa na la kukusaidia. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukisema hutapona, na ukinyamaza hutapona. Lakini ukisema, siku utakayokosa pumzi atakuwepo mtu mzima wa kukushika mgongo. Ukinyamaza, Kitinda atakuja kurudi na fulana yake, alazwe chumba cha pili, na mtungi utakuwa mmoja, na mama yenu ndiye atakayeulizwa ampe nani.