Kigari Namba 1147

Nyumba Na. 318, Mtaa wa Palmetto,
Kissimmee, Florida.
Jumanne, 8 Oktoba 2019.

Mpendwa dada yangu mdogo Migdalia,

Pokea salamu za kaka yako Wilfredo, mnene yule yule. U hali gani huko Korea? Baridi imeanza? Na ule mguu ulioteguka mazoezini, umepona au bado unachechemea na kuwadanganya wakubwa wako kwamba ni mwendo wa kijeshi? Natumaini wanakupikia, maana ukijipikia mwenyewe kambi nzima italazwa. Sisi huku tupo. Wifi yako Noris anaendelea na dawa zake za presha, magoti yangu yanalia nikipanda ngazi, na mwanao Yariel anakula, analala, na amerefuka vidole viwili tangu uondoke. Nimeanza na hilo makusudi. Mtoto ni mzima. Yaliyobaki yasome ukiwa umekaa.

Barua yako ya mwanzo wa Septemba niliipata. Uliniuliza jambo dogo: ukija likizo Novemba unataka kumpeleka Yariel kwenye bustani ya burudani ninakofanya kazi, je, uje na kile kigari kipya cha kusukuma ulichokiona dukani huko, au mkodi pale pale langoni? Uliniuliza mimi kwa kuwa ndimi mtaalamu wa ukoo. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za mtu anayeona aibu, ukaongeza: "Kaka, hivi atanikumbuka?" Nina wiki tatu nashindwa kujibu hayo mawili. Simu ipo, lakini kwenye simu ungeuona uso wangu, ukanihurumia kabla sijamaliza. Sitaki unihurumie mapema.

Migdalia, kile kigari cha kijani cha Yariel hakikuvunjika. Nilikuambia Agosti kwamba kimevunjika, ukaniamini. Ukweli ni kwamba nilikitupa.

Unajua kazi yangu. Watu wakiingia kwenye michezo wanaacha vigari vya watoto wao ovyo, nasi tunavipanga mistari, tunavisogeza, tunavipanga tena, kutwa nzima juani. Miaka tisa nimeshika vigari vya kila aina, vingine vina bei kubwa kuliko gari langu. Nikirudi nyumbani nakuta kile cha kijani, gurudumu linapepesuka, kitambaa kinanuka maziwa ya mwaka juzi, na ndani yake mtoto wa miaka sita ameketi, miguu imefika chini. Majirani walikuwa wanatazama. Niliona haya, dada. Mpanga vigari, halafu cha kwangu ndicho hicho! Noris alinikataza. Alisema, "Wilfredo, kwako hicho ni kigari. Kwa Yariel ni chumba chake. Utamtoa mtoto chumbani mwake umpeleke wapi?" Nikamjibu kwamba wanawake wanapenda kutunza takataka. Jumanne moja asubuhi nikakiweka kando ya barabara, lori la taka likakibeba. Yariel alikuwa amesimama dirishani.

Basi tarehe 21 Septemba, Jumamosi, nikapata tiketi za wafanyakazi nikawapeleka Noris na Yariel bustanini. Nilitaka nijaribu kwanza kabla wewe hujaja, ili siku yako isiharibike. Kuhusu kigari sikuwa na shaka yoyote. Kila siku wageni wananiuliza swali lako, nami jibu langu nimelikariri: kodi. Cha kuja nacho kitavunjwa na watu wa ndege, kitakuchosha, kikipotea utalia. Cha kukodi hakipotei. Ukikikosa, unaonyesha risiti, unapewa kingine.

Tulikodi cha bluu, cha plastiki ngumu. Yariel alikikataa kwa saa nzima. Unamjua anavyokataa: hapigi kelele, anakuwa mzito kama gunia la saruji. Noris alikaa naye chini sakafuni, akamwekea biskuti moja ndani, ya pili, ya tatu. Mwishowe akapanda. Akainama, akakinusa, akagusa kila mshipi. Akajikunja humo. Nikamwambia Noris, "Unaona? Mtaalamu hakosei."

Tulipotoka kwenye mchezo wa mashua, kigari hakikuwepo pale tulipokiacha. Sikushtuka hata kidogo. Nilikwenda na risiti, nikarudi nakisukuma kingine, bluu ile ile, nikipiga mluzi. Nikamwambia Yariel, haya bwana mkubwa, panda. Akakizunguka mara moja, akaziba masikio. Noris alikuwa kwenye dirisha la kibanda cha jirani ananunua maji. Mimi nikainama kutia mifuko yetu chini ya kiti. Niliinama tu, Migdalia. Nilipoinuka hakuwepo.

Unajua mtoto wako anavyopenda maji, na unajua katikati ya bustani ile kuna ziwa. Daktari alituambia siku ile ile alipotaja usonji: watoto hawa wakitoroka, tazameni kwenye maji kwanza. Niliwapa taarifa walinzi, nikakimbia huko. Nilikimbia na tumbo hili na magoti haya, nikiita jina la mtoto ambaye hajawahi kuitikia jina lake. Noris hakukimbia. Aliingia ziwani na viatu vyake, maji yakamfika mapajani, akawa anapapasa chini kwa mikono. Watu walidhani ni sehemu ya maonyesho, wengine walimpiga picha. Sauti ya wifi yako ikiomba Mungu pale majini sitaisahau, na sikuandikii ili ulie, nakuandikia kwa sababu ni haki yako kuijua.

Dakika arobaini na saba. Nilikwisha kutunga maneno ya kukuambia. Nilikuwa nimefika kwenye "Migdalia, kaa chini," na hapo maneno yakaisha.

Aliyeniokoa ni Mirlande, yule mama wa Haiti anayekodisha vigari langoni. Alisikia kwenye redio ya kazini, akaacha dirisha lake akanifuata, akanishika ukosi kama mwizi.

"Acha kukimbia. Kile kigari cha kwanza kiko wapi?"

"Kilipotea. Si umenipa kingine?"

"Wewe nimekupa kingine. Mtoto nani kampa?"

Nikasimama. Ilikuwa saa nane na nusu. Saa nane gwaride lilipita, na kila siku kabla ya gwaride sisi wenyewe huondoa vigari vyote kando ya njia na kuvipanga nyuma ya ukumbi wa maonyesho. Sisi, dada. Mimi na wenzangu. Kwa miaka tisa kila alasiri nimewacheka kina mama wanaolia kwamba wameibiwa, nikiwaambia, "Mama, hakijaibwa, kimesogezwa tu." Siku iliyonihusu mimi sikukumbuka.

Nyuma ya ukumbi palikuwa na vigari kama mia tatu, karibu vyote vya kukodi, vyote bluu, vinafanana kama punje za mchele. Yariel alikuwa kwenye mstari wa sita, karibu katikati. Amejikunja, anajibembeza, anaimba ule wimbo wake usio na maneno. Nikadhani amepanda chochote alichokiona. Nikatazama chini ya kiti: makombo ya biskuti za Noris. Nikatoa risiti ya kwanza mfukoni, nikalinganisha namba. 1147. Mimi mwenye miaka tisa kazini nisingekitofautisha na jirani yake hata kwa darubini. Yeye alikaa nacho saa tatu tu.

Nilipiga magoti pale kwenye lami. Hakunitazama. Aliushika mkono wangu wa kulia, akauweka kwenye mpini wa kigari. Yaani, sukuma.

Nikasukuma mpaka ziwani kwa Noris. Alitoka majini akamkumbatia mtoto pamoja na kigari chenyewe. Mimi alinipita kama nguzo, na hakukosea.

Sasa lililobaki ndilo linaloninyima usingizi. Tangu Agosti, kila Jumanne asubuhi Yariel hutoka, husimama kando ya barabara karibu na sanduku la barua mpaka lori la taka lipite. Nilimwambia kila mtu kwamba mtoto anapenda malori. Nilicheka, hata picha nikakutumia, ukacheka nawe. Hapendi malori, Migdalia. Pale ndipo nilipokiweka. Anangoja wakirudishe.

Nimekwenda kwenye maduka yote ya mitumba mpaka Saint Cloud. Nimewasimamisha wale vijana wa taka, nikawaeleza, wakavua kofia kama tuko msibani. Hakipo. Ninapoandika haya namwona dirishani, amesimama pale pale, na Noris yuko nyuma yake hatua mbili, amejifanya anang'oa majani. Tumetia makomeo juu kabisa ya kila mlango. Hata hivyo usiku naamka kuyajaribu.

Ukiamua kumhamishia Ponce, kule kisiwani kwetu, kwa bibi yake mzaa baba, Doña Elba, nitawaendesha mwenyewe mpaka uwanja wa ndege na sitasema neno. Nitalia nikirudi, lakini hilo ni shauri langu na usukani. Ukiamua abaki, nitashukuru kuliko ninavyostahili. Jambo moja tu naomba: amua ukijua yote, si kwa kunionea huruma kaka yako, wala kwa hasira ya siku ya kwanza. Ngoja ya pili.

Jibu la swali lako la kigari ni hili. Usinunue hicho cha huko. Kodi, lakini kodi kile. Mirlande amekiweka 1147 nyuma ya kibanda chake, chini ya turubai, na ameandika karatasi kwamba kinasubiri matengenezo. Kila asubuhi akifungua anakigusa, jioni ananitumia ujumbe wa neno moja: "Kipo." Msimamizi aliuliza mara moja kina ubovu gani. Mirlande akamwambia ubovu wake ni mkubwa, hautengenezeki kabla ya Novemba.

Na lile swali lako la herufi ndogo. Uliondoka mwaka jana ukiwa umevaa sare, na utarudi mkishuka mia moja wenye sare ile ile na nywele zimefungwa vile vile. Mimi huenda nikamkumbatia mwanamke wa watu. Ndiyo maana nitasimama nyuma, nitamwachia Yariel atangulie. Usimwite, na usimpungie. Wewe simama tu mahali pako. Atakuja, atakunusa, atagusa vifungo vyako kimoja kimoja. Akiuchukua mkono wako akauweka begani mwake, ujue ameshahakikisha namba.

Lori limepita sasa hivi. Anarudi ndani mwenyewe, Noris amemshikia mlango.

Noris anakusalimu sana, anasema usilete zawadi, ulete mguu mzima. Mirlande naye anakusalimu ingawa hamjaonana. Nisalimie wenzako wa kambini, na umpe pole mpishi wao kwa ajili yangu. Mungu akulinde uendako na urudiko, kama Mama alivyokuwa akitubariki mlangoni kabla hatujaruhusiwa kuvuka kizingiti.

Ni mimi kaka yako akupendaye, mwenye kosa na mwenye kungoja,

Wilfredo