Kikao cha Ile Video ya Kofia

Amira weka chai chini kwanza. Monika wetu katoka kwenye kikao cha bodi ya shule sasa hivi, kanipigia anacheka mpaka analia 😂

Si unaikumbuka ile video ya mahafali? Yule binti Sikujua anacheza ngoma na yunifomu, kichwani kofia ya pama, ya kiume kabisa? Imezunguka mpaka kijijini huko Kakese. Komenti zote wimbo mmoja: "Hiyo kofia ya bwana gani? Afukuzwe!"

Basi Monika, si ndiye mwalimu wa nidhamu, kaomba waiangalie kwanza. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Mwandu, kagoma katakata. "Niangalie nini, mwalimu? Komenti nimesomewa zote. Mji mzima unatucheka. Huyu aende kwao!"

Mtoto anafukuzwa hivihivi, na pale kikaoni video hakuna aliyeifungua!

Sikujua kaitwa ndani. Mzee anafoka: "Nani alikuvisha ile kofia?"

Binti anaangalia sakafu.

"Sema!"

"Ni wewe, babu. Ulikuja kunitunza nikicheza, ukanivisha."

NI WEWE BABU 😭😭 Na pama lenyewe liko mezani, mbele ya tumbo lake! Kalisahau kabisa!

Kikao kikaishia hapo. Kesho Sikujua yuko darasani kama kawaida.

Sasa sikia. Mzee kamvuta Monika pembeni, sauti ya chini: "Mwalimu, kwani kwenye hiyo video na mimi naonekana?"

Monika kamjibu: "Mkono tu, mzee. Watu bado wanamtafuta mwenyewe."