Neno la Nyapara

2 Mei

Binti yangu kipenzi,

Nina miaka themanini na moja. Nimeishi zaidi kuliko kiwanda cha sabuni kilichoniajiri, kuliko mameneja wake wote, kuliko meno yangu, na kuliko yule daktari aliyeniambia nisipoacha tumbaku sitafika sabini. Yeye hakufika. Kwa hiyo nikisema jambo, sikiliza.

Hujambo lakini? Kifua kimepoa? Sisi huku wazima. Mama yako analalamikia goti, na goti nalo lingekuwa na mdomo lingemlalamikia yeye.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa hasira. Umeandika nywele zako ni dizasta. Mapazia mapya ya hoteli unakofanya kazi, dizasta. Chai ya bosi wako nayo dizasta. Mwanangu, nani amekupa ruhusa ya neno hilo?

Kiwandani tulikuwa watu wa kila lugha. Mmoja akipiga yowe kwa lugha ya kwao, mwingine anadhani anaimba. Ndipo mhandisi akaleta neno la Kiingereza ambalo hakuna aliyekuwa nalo nyumbani, ili lisimponyoke mtu. Akampa Nyapara peke yake. Sabuni ikimwagika, hiyo ni hasara. Mtu akiungua mkono, ajali. Dizasta ni ile inayowataka wote kwa mpigo. Nyapara akilitamka, unaacha hata shati. Asipolitamka, hukimbii. Aliyekimbia bila neno tulimwita Swala mpaka akastaafu.

Mimi nimelisikia mara moja tu, siku boila la kuchemshia sabuni lilipopasuka. Tulitoka wote, mimi wa mwisho, kwa utulivu. Mmoja akarudi kuchukua viatu. Tulimzika bila viatu.

Basi liheshimu. Huku hakuna jipya. Tangi la nyuma limeanza kutoa jasho kidogo, si kitu.

Mimi baba yako mzazi

9 Mei

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepoa, nashukuru. Nywele nimezinyoa, kwa hiyo hilo limekwisha.

Ila baba, tangi umeliweka mwishoni kama mtu anayemsalimia paka! Linabeba maji ya mtaa mzima, na nyumba zenu za wastaafu ziko miguuni pake. Mama kanieleza kwenye simu. Anasema nguzo yake ya upande wa chumba changu ina ufa unaoingia kidole, na mlango wa jikoni haufungiki tena. Eti mlipeleka habari ofisini, mkaambiwa msubiri fundi. Kweli?

Nakuomba mtoke. Nendeni kwa mama mdogo, au njooni kwangu, tutabanana. Msiniambie mnangoja neno. Nyapara hajatamka hata jina lake tangu apigwe na kiharusi. Sasa nani atalisema?

Silali vizuri, baba. Nijibu upesi.

Binti yako

15 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Namshukuru Mungu kwa kifua chako. Za kunyoa nywele sitaki kuzisikia.

Usidhani sisi ni wajinga. Tumefanya kikao, wastaafu wote, tukamwendea Nyapara kibarazani kwake. Tukamgeuzia kiti alione tangi. Akalitazama muda mrefu. Jicho moja likatoka chozi, lakini jicho hilo hutoka chozi hata kwa vitunguu. Jirani yetu Fundi Bomba akasema, "Hajasema." Nikasema, "Kweli, hajasema." Tukanywa chai.

Mama yako alikuwa nyuma yetu na ndoo. Akasema, "Yaani nyie wanaume wazima mnangoja bubu awapigie kelele? Sikio la kufa halisikii dawa!" Kesho yake akahamia kwa mdogo wake. Kachukua godoro, sufuria zote na redio. Kaniachia kikombe kimoja. Mwanamke akiamua, mwanangu, hata mhandisi hampati.

Mimi sihami. Mtu aliyetoka wa mwisho siku ya boila hawezi kuonekana anavuka barabara na mto kwapani kwa sababu ya ufa. Watu wataniitaje? Kitanda nimekihamishia sebuleni, ni kwa ajili ya joto, usije ukafikiri mengine. Na mlio wa tik, tik unaotoka tangini, ni chuma kinapoa. Chuma hulia. Hata mchana hulia.

Kula vizuri.

Mimi baba yako mzazi

19 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, nami naandika kwa haraka.

Nimeomba ruhusa kazini, nimenyimwa, nakuja hivyo hivyo. Nitafika Jumamosi ya tarehe 31. Sitakwenda kwa mama mdogo. Nitalala chumbani kwangu, kwenye kitanda changu, chini ya hilo tangi. Kama kweli si dizasta, basi hakuna ubaya binti yako akilala hapo. Nitandikie.

Binti yako

24 Mei

Binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, wote wazima. Najua mama yako ameshakupigia simu, lakini yeye hajui kusimulia, huanzia mwisho. Ngoja nikueleze.

Barua yako niliipata jana asubuhi. Nikaisoma, nikaenda kutandika kama ulivyotaka. Nikatandaza shuka, nikaweka mto. Halafu nikauona ukuta, nao umepasuka, ufa umeshuka mpaka usawa wa mto. Nikakaa kitandani. Ule mlio wa tik, tik, ukawa juu ya kichwa changu, na kichwani mwangu aliyelala pale ni wewe.

Nikatoka uani. Mdomo ukagoma. Neno lenyewe si langu, sikupewa. Nikajaribu tena, likatoka, sauti nyembamba kama ya mwali. Dizasta! Sikufichi.

Walitoka wote! Hakuna aliyeuliza. Fundi Bomba katoka na povu la kunyolea nusu ya uso. Nyapara tukambeba na kiti chake. Tukavuka barabara, tukasimama kwa muuza mkaa, tukaligeukia tangi.

Tangi likatutazama tu.

Jua likapanda. Jirani mmoja akasema, "Mzee, chungu changu kinaungua kwa ajili yako." Fundi Bomba akanitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Swala!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi huyu!

Fundi Bomba akaanza kurudi akamalizie ndevu. Nikamtangulia, nikasimama mlangoni kwake, mikono nimetanua.

"Sogea, mzee."

"Sisogei."

"Nani kakupa hilo neno?"

"Nimejipa. Nenda kanishtaki."

Akanishika, nikamshika, wazee wawili tunavutana kama mbuzi. Nikamkokota mpaka barabarani, au yeye alinikokota, sijui. Tulipofika karibu na kiti cha Nyapara, Nyapara akamkamata Fundi Bomba ukanda kwa ule mkono wake mzima. Hakusema, angesema wapi. Ila hakuachia. Fundi Bomba akamwambia, "Bosi, niache," na Nyapara akazidi kuuzungusha ukanda kwenye kiganja.

Tukiwa hivyo, nguzo ya upande wako ikakunja goti. Sikusikia kishindo kwanza, nilisikia maji.

Chumba chako hakipo. Cha Fundi Bomba hakipo, jiko letu halipo. Kitanda chako kiko mtaroni, miguu juu, shuka bado imechomekwa. Tuliitana mmoja mmoja, wote tupo. Fundi Bomba akakaa kwenye matope na povu lake, akasema, "Nilikuwa naenda kunyoa na kuoga kabisa." Hakuna aliyecheka.

Sasa niko kwa mama yako mdogo, nalala sakafuni. Njoo Jumamosi hiyo. Sitasema kitu kuhusu nywele.

Ukiona natia chumvi, usimwulize mama yako, hakuwepo. Usimwulize Fundi Bomba, atasema alitoka kwa hiari yake. Mwulize muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara. Magunia yake yote yamelowa, hanipendi tangu zamani, na hana sababu ya kunisifu. Huyo aliniona nimesimama mlangoni.

Mimi baba yako mzazi