Kizibao Juu ya Koti

Mjukuu wangu Atu, kamwene. Hapa Mjimwema tu wazima, na mama yako anapalilia viazi.

Umeuliza kwa nini kazini kwenu kizibao cha kung'aa kinavaliwa juu ya koti. Hata mimi nilijiuliza, enzi mitumba inaanza kujaa Makambako, nilipokuwa nasimamisha magari kwa kibendera kwenye ujenzi wa barabara. Asubuhi moja ya ukungu nilivaa sweta, kizibao, halafu koti juu ili kizibao kisichafuke.

Lori likafunga breki mbele yangu kabisa. Dereva akashuka.

"Dada, nimeona kibendera tu, kinapepea chenyewe."

Nikatanguliza koti, kizibao kikaja juu. Ajabu, joto halikupungua.

Yule dereva alidhani amemkosakosa mtu mmoja. Ndani ya lile sweta nilikuwa na mama yako.

Bibi yako