Nimekata vichwa vya tumbaku ya Mama Naomi

Jumatano, 10 Juni. Miezi saba na siku nne tangu nitoke Urambo.

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, vidole vimekufa ganzi. Nimekaa, nimesimama, nimetoka nje, nimerudi. Bora niandike.

Juzi niliharibu kazi.

Hapa Lushoto nafanya kibarua kwa Mama Naomi, mjane mwenye shamba la maharage na miti ya plamu. Kando ya matuta hupanda maua ya zamani yenye harufu, ya msimu mmoja, ili nyuki waje. Mbegu alirithi kwa mama yake, hazipo dukani. Mwaka ambao hukuvuna mbegu, ua hilo limekwisha.

Mwezi wa nne alinionyesha mistari miwili ya miche yenye majani mapana yanayonata. Akacheka: "Wewe mtu wa Urambo, hii si ni tumbaku? Nakuachia. Itunze kama ya kwenu."

Nikaitunza kama ya kwetu.

Kwetu tumbaku ikianza kutoa maua unakata kichwa, ili nguvu irudi kwenye majani. Niliacha shule darasa la tano kwa ajili ya kazi hiyo. Nilidhani majani haya ni ya kuloweka, dawa ya kupulizia wadudu wa mboga, kama wanavyofanya wengi. Sikuuliza. Jumatatu Mama Naomi alikuwa msibani Mlalo, nami nilitaka kumaliza mapema nimpigie simu dada yangu. Nikakata vyote. Hata kimoja sikubakiza.

Jana asubuhi nilikuwa bado namwamkia shikamoo alipoliona lile rundo. Hakuitikia. Aliokota kikonyo chenye vitumba, akakinusa. Zaina, ninayefanya naye kazi, akapiga makofi: "Mnyamwezi! Umewanyoa maharusi siku ya harusi!"

Kumbe ni tumbaku ya maua. Maua yake hufunguka jua likizama, meupe, yananukia mpaka barabarani, na nondo wakubwa huja kunywa.

"Mbegu zote za mama nilizimwaga hapo," alisema Mama Naomi. Basi. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Kitu kimoja nakijua. Tumbaku iliyokatwa kichwa hutoa machipukizi ubavuni, na kila chipukizi likiachwa hutoa maua. Kwetu tunahangaika nayo kila wiki kuyang'oa. Nikamwambia safari hii tuyaache. Akauliza mbegu zitakauka lini. Nikapiga hesabu: kwa baridi hii, mwanzoni mwa Septemba.

Akasema niende zangu Urambo Julai kama nilivyopanga, Zaina atayaangalia.

Siwezi. Zaina ni mchapakazi, ila mikono iliyokata ni yangu. Na niseme ukweli, naona aibu kumwachia mjane mistari miwili ya vijiti halafu nipande basi.

Shida ni dada yangu Mwajuma. Baba alishafariki, mimi ndiye walii wa kumwozesha, na ndoa yake ya Julai inanisubiri. Nilishaiahirisha mara moja, mvua zilipokata barabara. Leo mchana nimempigia.

"Kaka, kwanza ulisema mvua. Sasa ni maua?"

Nikamweleza habari ya mbegu za Septemba.

"Niwaambie wakwe zangu kwamba kaka anasubiri ua lizae?"

"Waambie hivyohivyo."

"Haya. Nitamwomba baba mdogo asimame." Akakata simu.

Baba mdogo ana haki ya kusimama, hilo silipingi. Lakini marehemu alinikabidhi mimi, Mwajuma mwenyewe akisikia. Tangu mchana maneno ya Mwajuma yananizunguka kichwani.

Jioni nimekwenda kuangalia miche. Kwenye mche wa tatu kuna kijani kinachungulia kwapani mwa jani, kidogo kama punje ya mtama. Kidole kilitaka kukichomoa. Nikaweka mikono mfukoni.

Je, baba angesema nini? Sijui. Yeye alikuwa mtu wa majani, maua hakuyapenda.

Nimemtumia Mwajuma ujumbe sasa hivi. Usimwombe baba mdogo. Ijumaa ya pili ya Septemba nitakuwa Urambo, mbegu zikauke zisikauke.