Bunduki Si Mkuki

Jumatatu, 3 Machi

Nimesafisha bunduki baada ya maombi ya asubuhi. Gunia chini, kitambaa, mafuta kidogo. Vumbi la huku malishoni linaingia kila mahali, hata kwenye unga. Silaha hii ilitoka ng'ambo, na naona walioiunda hawakuwahi kufikiria Machi yetu. Inapiga moja moja na kujivutia risasi nyingine yenyewe, kwa hiyo mchanga kidogo tu tumboni, inakwama. Tangu nipewe haijampiga mtu. Naomba iendelee hivyo.

Muriungi, ndugu ya marehemu mume wangu, alipita. Nikamwekea chai, hakuinywa. Macho yake yote kwenye bunduki. Wezi walimchukulia ng'ombe mwezi wa kwanza, wakamwachia wawili. Tangu hapo hana usingizi. Anataka kuwafuata huko nyikani na vijana wengine, na anataka kwenda na hii. Anasema ilikuwa ya ndugu yake, basi ni yake. Akaniuliza kama nitaifunga leso nikienda kuteka maji. Nikamwambia ndiyo, huwa naifunga. Leso inazuia vumbi.

Jumatano, 5 Machi

Hasira haijanitoka. Naandika hapa kwa sababu nikimwambia binti yangu Kendi, atampigia amu yake simu na itakuwa vita.

Mume wangu Mutwiri alipokufa, mkuki wake na upanga vilienda kwa Muriungi. Nilivitoa kwa mikono miwili. Hiyo ni mila, sina neno nayo. Bunduki polisi waliichukua kabla hata ya mazishi, wakaiweka stoo. Ni mimi niliyeenda kituoni kuomba nafasi yake ya polisi wa akiba. Ni mimi niliyetambaa mafunzoni kwenye mawe na wanaume wa rika la wanangu mpaka magoti yakachubuka. Mwisho nikapewa ile ile. Sasa ukoo mzima unadhani ilirudi nyumbani kama ng'ombe aliyepotea. Haikurudi. Nilipewa mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Wazee wa ukoo wameleta ncoolo, miraa ya kuombea. Nimekuta kitita cha miraa mlangoni, miraa mizuri, kimefungwa kwa majani ya ndizi. Kila mtu hapa anajua maana yake. Ukikifungua, umekubali ombi lao, bunduki iende kwa Muriungi. Hakuna kurudi nyuma.

Sikukifungua. Nimekitundika kwenye ua, upande wa jua.

Jumapili, 9 Machi

Mchungaji alihubiri juu ya unyenyekevu. Akina mama wawili wakageuka kunitazama. Nikafungua Waamuzi sura ya nne mahubiri yakiendelea, nikasoma polepole. Baraka alikataa kwenda vitani bila Debora. Imeandikwa. Wimbo ulipoanza niliimba kuwashinda wote.

Kile kitita kimeanza kukunjamana. Wapita njia wanaumia. Miraa ikilala siku mbili ni kuni, na hiyo ilikuwa ya miti ya zamani. Waumie tu.

Jumatatu, 10 Machi

Wachumaji wa miraa yangu hawakuja. Wamekatazwa na ukoo. Wanajua mwanamke hapandi mti wa miraa, kwa hiyo wiki hii sina cha kupeleka sokoni Laare. Nilitembea katikati ya miti nikalia kidogo, kisha nikaacha.

Nina hofu, acha niseme. Shamba ni la ukoo. Wakitaka kunibana watanibana. Lakini nikimpa Muriungi hii bunduki, atafia huko nyikani au ataua mtoto wa mtu. Sitaizika familia hii mara mbili. Heri njaa.

Jumatano, 12 Machi

Mzee M'Ikiara, mkubwa wa ukoo, amekuja kuchukua jibu. Alisimama kwenye ua akashika ile miraa. Ikavunjika mkononi.

"Mama Kendi, umeikausha yote?"

"Yote, mzee."

"Ukikataa sawa. Lakini si ungeniitia kando, nitafune na haya meno mawili?"

Nilikaribia kucheka. Nikajikaza. Nikamwambia, "Bunduki si mkuki, mzee. Haikuwa ya Mutwiri, na hata si yangu. Ni ya serikali, na aliyeapa ni mimi. Simpi Muriungi. Simpi mtu."

Alikaa kwenye jiwe. Nilifikiri anatafuta maneno ya kunifukuza. Kumbe anawaza maji. Bwawa la juu limekauka, na hakuna anayethubutu kushusha mifugo mtoni kwa sababu ya wezi. Akauliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, ni nani sasa atawasindikiza. Nikamwambia kazi niliyoapia ndiyo hiyo, na tangu mwezi wa kwanza hakuna aliyekuja kuniomba. Mmekuja kuomba bunduki tu, nikasema. Akainuka akaenda. Sijui kama nimemkosea. Sijutii.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi Muriungi alikuwa langoni na ng'ombe wake wawili. Nyuma yake, karibu mifugo yote ya ukoo. Hakuingia. Alitazama chini.

"Ng'ombe wana kiu, Mama Kendi."

Nikavaa viatu.

Nilitangulia mbele. Yeye akawa nyuma yangu njia yote. Mtoni nilisimama juu ya mwamba nikiangalia ng'ambo. Hakukutokea mtu. Ng'ombe wakanywa mpaka matumbo yakajaa. Wachumaji bado hawajaja shambani, na sitamwomba awatume. Atajua mwenyewe.

Wakati wa kurudi, ng'ombe wake mmoja hakutaka kutoka majini. Wengine walishaanza kupanda mlima. Muriungi alinitazama, nafikiri alidhani nitaondoka.

Nilibaki pale juu ya mwamba mpaka ng'ombe yule alipotoka.