Shemeji Kaniibia Mlinzi wa Ziwa

Mwenzangu, shemeji kaniibia Mlinzi wa Ziwa. Yule mzimu wa kwenye mchezo wa simu niliyemwinda miezi minane, mmoja tu kwa kila mchezaji.

Tuko mezani kwa dada, mumewe anatoa simu anajigamba: "Nimemkamata mwenyewe leo asubuhi."

Mwenyewe! Nachungulia, naona jina nililompa mimi: Bibi Mkali. Anayehamishiwa mzimu hawezi kulibadilisha jina, unajua.

Nikafungua simu yangu. Ziwa tupu.

Nikamwambia, "Mrudishe." Akacheka: "Mtu mzima unalilia katuni?"

Katuni. Miezi minane, katuni.

Nikamuuliza namba yangu ya siri kaijuaje. Akamtazama dada, na dada akainamia sahani.

"Nilimpa mimi," akasema. "Amekuwa mnyonge tangu aachishwe kazi. Nilidhani hutajali."

Hakuniuliza. Dada yangu wa tumbo moja, hakuniuliza.

Nimeondoka bila kuaga. Shemeji nilishamjua zamani kwamba ni kupe. Lakini huyu wa damu yangu, akikupigia simu akinitafuta, mwambie hujaniona.